Utepe wa Kumi na Mbili

Nchi ya Matambo usiitafute katika ramani. Wachora ramani walipofika mpakani mwake waliambiwa wakae kwenye benchi wamsubiri mhusika, ambaye alikuwa ametoka kidogo, na kwa kuwa walikuwa na nchi nyingine za kuchora, wakaondoka. Kwa hiyo msomaji atakayedhani kwamba anaijua nchi hii, au kwamba aliwahi kulikalia benchi hilo, atakuwa amefananisha tu, na kufananisha si kosa.

Katika nchi hiyo alikuwapo mwanamke mmoja, Bi. Kidawa, ambaye kazi yake ilikuwa kupima tepe.

Jambo hili linahitaji maelezo. Miaka michache nyuma mataifa ya dunia yalikutana kuzungumzia jua lililozidi ukali na mvua zilizosahau majira yake, na kila taifa likaombwa kutaja litakalofanya. Matambo ilitaja mambo mia moja na manne. Hakuna taifa lililotaja mengi zaidi. Mjumbe wake alipigiwa makofi mpaka akasahau miwani yake mezani. Aliporudi nyumbani ndipo ikaonekana kwamba mahali fulani katika ile karatasi palikuwa na sentensi inayosema kila nchi ifuatilie ahadi zake na kutoa taarifa.

Hapo serikali ikapata shida ya kweli. Kuahidi ilikuwa kazi inayofahamika, lakini namna ya kujua kwamba ahadi imetimia haikuwa imeandikwa popote. Wataalamu wakawekwa hotelini siku tisa. Siku ya pili mmoja wao alipendekeza watu waende wakaangalie. Wenzake walimsikiliza kwa heshima, wakamwombea afya njema, wakaendelea na kazi. Siku ya tisa utaratibu ukatoka. Ahadi itahesabiwa kuwa imetimia pale utepe wake utakapokatwa na mkubwa, kwa mkasi wa Idara. Nusu ya utepe atabaki nayo mgeni rasmi kwa kumbukumbu. Nusu ya pili itapelekwa Idara ya Ufuatiliaji wa Ahadi za Tabianchi, ipimwe, ipewe namba, ihifadhiwe. Nusu hiyo isipungue sentimita thelathini, maana chini ya hapo ni dalili ya kutokuwa makini.

Nchi nyingine husema ahadi ni deni. Watu wa Matambo waliona usemi huo unawatia viongozi wasiwasi bila sababu, wakaurekebisha kwenye vitabu vya shule: ahadi ni utepe.

Bi. Kidawa alikuwa fundi cherehani kabla ya hapo. Aliajiriwa kwa sababu katika wote waliofika kwenye usaili, ni yeye peke yake aliyekuwa na rula yake mwenyewe, ya chuma. Alikuwa mtu wa taratibu, mpole, asiyependa kumhukumu mtu kabla hajamaliza kusema. Alikuwa na kabati lenye droo mia moja na nne, moja kwa kila ahadi, na daftari kubwa la jalada gumu. Aliandika kwa wino wa kijani. Wino mwekundu ulikuwa umeondolewa katika bohari za serikali kwa kuwa ulikuwa ukikatisha watu tamaa.

*

Ahadi Namba 37 ilihusu Mto Nguruma. Kando ya mto huo kulikuwa na vijiji kumi na kimoja, na kila masika maji yalipanda yakachukua kitu: mwaka huu mbuzi, mwaka ujao jiko, mwaka mwingine mwenye jiko. Serikali iliahidi ving'ora kumi na kimoja, kimoja kwa kila kijiji. King'ora kingewekwa ukingoni, juu ya jukwaa la zege, na waya wake ungeshuka hadi kwenye boya linaloelea. Maji yakipanda, boya linapanda, king'ora kinalia chenyewe, watu wanakimbilia mlimani. Kilitumia umeme wa jua. Kilikuwa kitu kizuri, na kijitabu chake kilikuwa na picha ya watu wanaopanda mlima wakitabasamu.

Tepe za Ahadi Namba 37 zilimfikia Bi. Kidawa moja moja, wiki kumi na moja mfululizo. Kila moja iliambatana na picha ya Waziri akiwa na mkasi, na nyuma yake king'ora. Alizipima. Zote zilitosha. Wiki ya kumi na moja, alipokuwa akizipanga picha kwa mfuatano, aliona kwamba king'ora cha kijiji cha kwanza kimebonyea kidogo upande wa kushoto wa mdomo. Akatazama cha pili. Nacho kimebonyea. Cha tatu vilevile.

Bi. Kidawa hakuwa na haraka ya kumdhania mtu vibaya. Alijiambia kwamba huenda kiwandani kuna nyundo moja yenye tabia mbaya. Lakini alipofika picha ya tisa akaona kwamba karibu na kile kibonyeo pana doa la kinyesi cha ndege, na kwamba doa hilo limo pia katika picha ya kumi na ya kumi na moja, na alijua kwamba nyundo huweza kurudia kosa, lakini ndege hana shabaha hiyo.

Akampigia simu dada yake, Mize, aliyekuwa akiishi Vidimbwini, kijiji cha saba.

"Dada, shikamoo. Eti king'ora chenu kimebonyea?"

"Marahaba. Kilikuwa kimebonyea."

"Kilikuwa?"

"We Kidawa, si uko serikalini wewe? Kililetwa saa nne, kikakatiwa utepe saa saba, saa tisa kikapakiwa kwenye lori. Hata vumbi la hapa halikupata nafasi ya kukikalia."

"Wakasemaje?"

"Wakasema kinakwenda kuwasalimia watu wa kijiji cha nane."

"Na sasa hapo mtoni pana nini?"

"Pana jukwaa la zege. Na kamati. Mimi ndiye mwenyekiti, usinione hivi. Tumepewa kofia. Tunalinda jukwaa kwa zamu lisiibiwe." Mize akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mdogo wangu, maji yamefika kwenye mizizi ya mikuyu, na masika hayajaanza. Unakumbuka mwaka ule mto ulipomchukua mama? Ulianzia hapo hapo kwenye mikuyu."

Bi. Kidawa alikumbuka. Hakuna aliyemwambia mama yao mapema. Alikuwa jikoni.

"Nitakirudisha, dada," alisema.

"Wewe? Kwa rula?"

*

Mkurugenzi wa Idara aliitwa Dakta Lukelo Pazi. Udaktari wake aliupata katika chuo ambacho hakijaanza kufundisha, lakini utepe wake umekwisha kukatwa. Alikuwa mtu mwenye sauti nzito na subira nyingi kwa wadogo.

"Mheshimiwa Mkurugenzi," alisema Bi. Kidawa, "king'ora ni kimoja."

Dakta Lukelo hakushtuka. Alivua miwani. "Bi. Kidawa, tepe ni ngapi?"

"Kumi na moja."

"Umezipima?"

"Nimezipima."

"Zinatosha?"

"Zinatosha, Mheshimiwa."

"Sasa hicho king'ora kimoja kimeingiaje katika mazungumzo yetu?"

Bi. Kidawa akafikiri kidogo, maana swali lilikuwa limenyooka. "Naomba kirudi Vidimbwini, Mheshimiwa. Masika haya tu. Kikishapita kipindi, mtakichukua."

"Bi. Kidawa, mama yangu. Kijiji kimeshapewa king'ora. Kumbukumbu tunazo, na wewe ndiye mtunzaji. Tukikipa tena, tutakuwa tumekipa viwili, na vijiji vingine vitalalamika kwamba tunapendelea."

"Lakini hakipo."

"Basi kimepotea. Kitu cha serikali kikipotea, mwenye mali anaandika taarifa ya upotevu. Mwenye mali ni wizara. Nenda kaulize wizarani kama wamepotelewa."

Akaenda. Wizarani aliambiwa hawajapotelewa na kitu. King'ora wanacho, kipo salama, kipo ghorofa ya tisa. Alipanda akakiona kwa macho yake: kimewekwa sebuleni kwa Waziri, juu ya zulia, kimesuguliwa kinang'aa, na doa la ndege limefutwa. Boya lake lilikuwa ndani ya beseni la maua. Palikuwa na mlinzi na kibao kinachosema usiguse. Kwa hesabu yoyote ile, ghorofa ya tisa ilikuwa mahali ambapo Mto Nguruma ungechelewa sana kufika.

"Kinalia?" Bi. Kidawa alimuuliza mlinzi.

"Mama," alisema mlinzi kwa sauti ya chini, "kililia siku moja tu, mhudumu alipozidisha maji kwenye maua. Waziri alitoka mbio mpaka barabarani."

*

Wiki mbili baadaye ikaja barua iliyotia baridi jengo zima. Mataifa yalikuwa yanatuma wakaguzi wawili. Walikuwa wamesoma taarifa ya Matambo, wameifurahia mno, na sasa wanaomba jambo moja dogo: wafike katika kijiji kimoja cha Mto Nguruma, wasikie king'ora kikilia kwa masikio yao. Kijiji chenyewe kichaguliwe kwa kura, mbele yao, ili pasiwe na upendeleo.

Vikao vilikaa. Ilikubaliwa kwamba king'ora kingepanda lori na kungoja njia panda, injini ikiwaka, mpaka kura itoke. Kazi ya kuandika vikaratasi vya kura alipewa Bi. Kidawa, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri na uaminifu wake haukuwa na mashaka.

Alikaa mezani kwake akakata karatasi kumi na moja zilizolingana. Katika maisha yake yote hakuwahi kuiba hata sentimita moja ya kitambaa cha mteja. Aliandika ya kwanza: Vidimbwini. Akaitazama. Kisha akaandika ya pili: Vidimbwini. Alipofika ya tano hakuitazama tena. Alijiambia kwamba ikiwa king'ora kimoja kinaweza kuwa ving'ora kumi na kimoja, basi na kijiji kimoja kinaweza kuwa kumi na kimoja pia. Huo ndio utaratibu aliofundishwa kazini. Ulikuwa uongo wake wa kwanza, na aliupanga vizuri kwenye bakuli.

Mkaguzi mmoja, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole, aliingiza mkono akatoa kikaratasi. Akakisoma kwa shida. Watu wakapiga makofi. Bi. Kidawa akalichukua bakuli upesi akaenda kuliosha.

*

Ziara ya Vidimbwini ilipangwa baada ya siku tatu, na Dakta Lukelo alimwita aandike mwongozo wa mapokezi. Bi. Kidawa alikuja na kijitabu cha king'ora akiwa amekwisha kunakili maneno muhimu: kikilia, watu wakimbilie mlimani.

"Futa hilo," alisema Dakta Lukelo.

"Ndivyo kilivyotengenezwa, Mheshimiwa."

"Bi. Kidawa, mgeni ametoka mbali. Anasikia king'ora, anageuka, anaona wananchi wote wanamkimbia. Atatuelewaje? Hata mila haziruhusu. Mgeni hukimbiliwa, hakimbiwi. Andika: kikilia, wananchi wote waje mbio ukingoni mwa mto, kwenye jukwaa, kwa vigelegele. Watakaowahi watapewa kanga."

Bi. Kidawa aliandika. Kisha, chini kabisa, kwa herufi ndogo, akaongeza kwamba wageni wakishaondoka, king'ora kikilia tena, watu wapande mlimani. Dakta Lukelo akaona. Macho yake yalikuwa mazuri kwa vitu vilivyo chini.

"King'ora kimoja hakiwezi kuwa na maana mbili. Utawachanganya wananchi."

"Basi naomba jambo moja, Mheshimiwa. Nitaandika kama ulivyosema, lakini king'ora kibaki kule masika yote."

Dakta Lukelo aliangalia dirishani, nje ambako mawingu yalikuwa yanajipanga. Akafikiri, au akakaa kama mtu anayefikiri.

"Nakuahidi," alisema.

Bi. Kidawa alikuwa amefanya kazi katika Idara ya Ahadi miaka sita. Inashangaza, lakini alimwamini.

*

Vidimbwini walifanya mazoezi siku mbili. Kwa kuwa king'ora kilikuwa bado kwenye lori, karani wa wizara alisimama jukwaani na kulia mwenyewe kama king'ora, na watu wakateremka mbio kutoka majumbani, wazee kwa vijana, mpaka ukingoni, vigelegele vikipasuka. Mara ya kwanza walichukua dakika ishirini na tano. Karani akawatolea sukari kidogo kidogo. Mara ya nne walichukua dakika kumi.

Siku yenyewe mambo yalikwenda kama yalivyoandikwa. Boya liliinuliwa kwa mkono, king'ora kikalia sauti ambayo ng'ombe wa ng'ambo ya mto waliitikia, na kijiji kizima kikashuka. Wakaguzi waliziba masikio wakitabasamu. Waziri alisema kwamba Matambo si nchi ya maneno bali ya vitendo, akalisema hilo kwa saa moja na robo. Kanga ziligawiwa, za kijani, zenye jina lake. Zilikuwa mia moja. Waliobaki mikono mitupu walianza kunung'unika, na akina mama wawili wakashikana mashati, ndipo Dakta Lukelo akachukua kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, msigombane! Ambao hawakupata leo, watapata king'ora kitakapolia tena!"

Vigelegele vilivyofuata vilizidi vya kwanza.

Bi. Kidawa alimvuta dada yake kando, nyuma ya jukwaa. Mize alikuwa amevaa kofia ya kamati, kubwa kidogo kwa kichwa chake.

"Dada, nisikilize. Hayo yalikuwa ya wageni. Kikilia tena, msije huku. Pandeni mlimani. Waambie watu."

"Nitawaambiaje, Kidawa? Mkubwa wako ametoka kuwaambia waje. Tena na kanga."

"Waambie hivyo hivyo. Watakusikiliza, wewe ni mwenyekiti."

"Mwenyekiti wa zege," alisema Mize. Kisha akamwona mdogo wake uso ulivyokuwa, akamshika bega. "Nitawaambia. Kamati inakaa Ijumaa ijayo, wengine wamekwenda kuvuna. Nitawaambia wote."

Magari ya wageni yalipotokomea, Dakta Lukelo aliamuru king'ora kipakiwe. Bi. Kidawa alimkumbusha ahadi. "Nimeikumbuka," alisema Dakta, "na nimeshaiingiza kwenye mpango wa mwaka ujao." Lakini lori liliporudi nyuma kufuata jukwaa, magurudumu yalizama. Walisukuma. Walikata matawi wakatandika. Lori likazidi kuzama, nusura liende na dereva. Mwisho walilinasua likiwa tupu, Waziri akasema giza linamkuta, king'ora kiachwe, watakifuata ardhi ikikauka.

Hivyo tope la Vidimbwini likawa limetimiza ahadi ambayo serikali haikuitimiza. Bi. Kidawa aliporudi mjini alikuwa akitabasamu peke yake garini, na mtu akamuuliza kama kuna harusi.

*

Simu ilipigwa Alhamisi mchana, kamati ikiwa bado haijakaa. Mvua ilikuwa kila mahali. Aliyepiga ni shemeji yake, Mbwana, mume wa Mize, mtu mwenye mguu mbovu asiye na kawaida ya kupiga simu.

"Shemeji," alisema, "kimelia."

Bi. Kidawa akasimama. "Kimelia chenyewe?"

"Chenyewe. Asubuhi saa tatu. Kimelia vizuri, hakina kasoro." Akahema. "Watu wakateremka."

"Shemeji."

"Kijiji kizima. Mimi na mguu huu nilibaki mlangoni. Na Bi. Mosi kiziwi alibaki, na yule Fumu aliyekosana na kila mtu, akasema hataki kanga ya serikali. Wengine wote, ukiacha waliokwenda kuvuna, walishuka mbio wakipiga vigelegele, kila mtu anataka awahi. Dada yako alikuwa huku juu na mimi. Alikuwa anapeta mchele. Akatupa ungo, akavaa ile kofia wapate kumtambua, akawafuata akipiga kelele rudini, rudini, mlimani!"

"Hawakurudi?"

"Nilisikia kwa masikio yangu wakimcheka. Wakasema, mwenyekiti anataka tuondoke azichukue zote yeye. Alikuwa anawavuta mmoja mmoja kwa nguo. Wengine aliwatoa, Shemeji, usiseme hakuwatoa. Mto ulipokuja haukuja kama maji. Ulikuja kama ukuta."

"Na dada?" aliuliza Bi. Kidawa.

"Kofia tumeiona," alisema Mbwana.

*

Taarifa ya tukio la Vidimbwini iliandaliwa kwa siku mbili, na wote walioisoma walisema haijapata kuandikwa taarifa bora. King'ora kilifanya kazi bila hitilafu. Wananchi mia mbili na kumi na wawili, kati ya mia mbili na arobaini, waliitikia katika muda wa dakika tisa, ambazo ni pungufu kwa dakika moja kuliko mazoezini. Hakuna nchi nyingine duniani iliyowahi kupata mwitikio wa kiasi hicho. Yule mkaguzi mrefu aliandika barua ya pongezi, na chini yake akauliza, kwa upole wake, kama watu wote hawajambo. Alijibiwa kwamba swali lake limepokelewa.

Bi. Kidawa alipewa kazi ya kuingiza taarifa kwenye daftari. Ukurasa ulikuwa na safu nne zilizochapishwa: jina la kijiji, namba ya utepe, muda wa kuitikia, idadi ya waliofika. Alizijaza. Mkono wake haukuwa na haraka. Kisha akachukua rula ya chuma, akaiweka pembeni mwa ukurasa palipokuwa peupe, akachora mstari kutoka juu hadi chini, ulionyooka. Juu ya safu hiyo mpya akaandika: Wasiorudi.

Akaanza kuandika majina kama Mbwana alivyomsomea, moja kwa kila mstari. Yalikuwa arobaini na moja. La kwanza lilikuwa la Mize. Alipofikia la mwisho, ukurasa ulikuwa umekwisha. Hakumlaumu mtu katika maandishi yale. Majina ya Waziri na ya Dakta Lukelo hayakuwamo, wala la mtu aliyeandika vikaratasi kumi na kimoja, ingawa la huyo alifikiri kwa muda mrefu kama aliweke, na mwongozo wa mapokezi, wenye mwandiko wake, ulikuwa mbele yake juu ya meza.

Dakta Lukelo aliingia na mkasi wa Idara mkononi, mkasi wenye mipini ya rangi ya dhahabu, maana alikuwa anatoka kwenye uzinduzi. Aliinama juu ya daftari.

"Safu hii haimo katika mfumo, Bi. Kidawa."

"Najua, Mheshimiwa."

"Wachapaji wa taarifa hawatakuwa na mahali pa kuiweka."

"Najua."

Hakukasirika. Alivuta kiti, akakaa, akaliweka daftari vizuri, akaanza kukata kufuata ule mstari, polepole, ulimi ukiwa pembeni mwa mdomo. "Umenyooka sana," alisema. "Hakuna mwingine ofisini hapa anayechora hivi." Mkasi ulipofika chini, ukanda mwembamba wa karatasi ukajitenga, ukaning'inia mkononi mwake ukizunguka taratibu. Hakusoma kilichoandikwa. Alikuwa karibu kuutupa kwenye ndoo, akasita, akauinua kwenye mwanga, na uso wake ukaanza kupata furaha ya mtu aliyekumbuka jambo.

"Pima," alisema.

"Mheshimiwa?"

"Umekatwa na mkubwa. Kwa mkasi wa Idara. Pima, Bi. Kidawa."

Bi. Kidawa aliulaza ukanda mezani, akaweka rula kando yake. Jina la Mize lilikuwa karibu na sifuri.

"Thelathini na moja," alisema.

"Unatosha!" Dakta Lukelo alisimama. "Tepe kumi na mbili kwa ving'ora kumi na kimoja. Tumevuka lengo. Acha nimpigie Waziri."

Alitoka, na sauti yake nzito ikasikika koridoni ikicheka. Nje mvua ilikuwa inaendelea. Bi. Kidawa aliukunja ule ukanda mara nne, jina la dada yake likawa ndani, akaufungia katika droo ya thelathini na saba pamoja na zile kumi na moja. Kisha akafungua daftari mahali pa namba ya utepe, akaandika kumi na mbili, kwa wino wa kijani, kwa kuwa hapakuwa na wino mwingine.